Kumpiga Mtu Picha kwa Mwanga wa Kwetu: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Mara ya kwanza nilipokabidhiwa kamera kwenye harusi nilirudi nyumbani na picha zaidi ya mia tatu. Katika nyingi kati ya hizo kanzu ya bwana harusi ilikuwa nyeupe safi na nakshi za kofia yake zilihesabika, lakini uso wake ulikuwa kivuli cheusi kisichoonyesha macho. Nilidhani kamera niliyoazimwa ni mbovu. Haikuwa mbovu, ilifanya kile ilichoundwa kufanya, na mimi ndiye niliyekuwa sijui inafanya nini. Ndoa haifungwi mara mbili kwa ajili ya mpiga picha, kwa hiyo familia ile ilibaki na albamu isiyo na uso wa kijana wao, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Baada ya siku ile nilianza kujifunza upya, safari hii nikianzia kwenye uso wa mtu na mwanga unaouangukia, kisha ndipo nikarudi kwenye vitufe. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo huo. Nimeuweka juu ya kazi moja tu, yaani picha ya mtu mmoja aliyekaa, kwa sababu anayeweza kuupata uso mweusi na kanzu nyeupe katika fremu moja bila kupoteza hata kimoja amekwisha kujifunza mambo mengi atakayoyahitaji kwenye mandhari, ngoma, chakula au bidhaa za dukani. Hatua nyingi unaweza kuzifuata kwa simu. Pale ambapo kamera inahitajika nitasema.

Hatua ya kwanza: Anza na chombo ulichonacho

Simu yoyote yenye kamera inayofanya kazi inatosha kwa mwezi wa kwanza. Kabla ya kila picha futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini cha pamba, kwa maana simu inayokaa mfukoni hupata jasho na mafuta ya vidole, na utando huo hufanya taa na madirisha yatoe ukungu ambao wengi hudhani ni udhaifu wa simu. Jifunze pia kugusa uso wa mtu kwenye kioo na kushikilia kidole mpaka simu ifunge fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, na kipimo cha mwanga, kisha utelezeshe kidole juu au chini ili kuongeza au kupunguza mwanga. Watu wengi wamemiliki simu miaka mitano bila kujua kwamba udhibiti huo upo.

Ukiamua kununua kamera, kamera iliyotumika yenye lenzi inayobadilishwa ni chaguo zuri kuliko kamera mpya ya bei hiyo hiyo yenye lenzi isiyotoka. Tafuta nayo lenzi ya milimita 50 isiyovuta, yenye tundu linalofunguka hadi f/1.8 (namba hizi nitazieleza kwenye hatua ya tano); karibu kila kampuni kubwa ya kamera ina lenzi ya aina hiyo, na huwa miongoni mwa zile za bei nafuu zaidi. Uwe unanunua Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, usilipe kabla ya kuikagua lenzi kwa tochi ya simu: imulike kutoka upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na haifutiki kwa nje. Unyevu wa pwani hulea kuvu haraka, kwa hiyo lenzi iliyokaa miaka Tanga, Unguja au Mombasa ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa inastahili kukaguliwa mara mbili. Ya kwako itunze kwenye chombo cha plastiki kinachofungika vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu vipya.

Hatua ya pili: Soma mwanga kwa ngumi yako

Hili ni zoezi lisilohitaji kamera, na ndilo ninaloliona kuwa la maana kuliko yote yaliyomo humu. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi kwenye usawa wa macho, kisha zunguka taratibu mahali ulipo huku ukiitazama ngumi tu. Utaona vifundo vya vidole vikibadilika: upande mmoja vivuli vyake vitakuwa vikali kama vilivyokatwa kwa mkasi, upande mwingine vitalainika, na mahali fulani ngumi nzima itang'aa sawasawa huku bado ikionekana kuwa na umbo. Vifundo ndivyo pua, paji la uso na mashavu ya mtu utakayemweka mahali hapo.

Fanya zoezi hilo mahali patatu. Kwanza uwanjani saa 6 mchana, ambapo utaona sehemu ya juu ya ngumi imeungua kwa mwanga na ya chini imezama gizani. Kwenye uso, giza hilo huangukia machoni, chini ya pua na chini ya kidevu. Kisha nenda chini ya mwembe. Kivuli cha mti kinavutia, lakini tazama madoa ya mwanga yanayopenya kati ya majani, kwani doa moja likitua shavuni litaharibu picha nzima. Madoa hayo huwa ya mviringo hata kama upenyo kati ya majani si wa mviringo, kwa sababu kila doa ni picha ndogo ya jua lenyewe, na jua likipatwa madoa nayo hugeuka mwezi mwandamo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Kairo karibu mwaka 1040, aliandika risala kuhusu umbo hilo la mwanga wa jua lililopatwa linapopita kwenye tundu dogo, na tundu lile ndilo babu wa kamera uliyoishika.

Mahali pa tatu ni kizingiti cha mlango unaotazama nje penye uwazi. Simama hatua moja ndani ya kivuli, uso ukielekea nje. Hapa ngumi itapata mwanga mpana unaotoka angani na kwenye ukuta wa mbele, bila jua kuigusa. Kivuli cha namna hii, kilicho wazi upande mmoja, ndicho rafiki wa kudumu wa mpiga picha wa nchi zetu. Utakikuta kwenye baraza la nyumba, kwenye varanda, chini ya ukingo wa paa la makuti, na hasa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au wa Mombasa, ambako ukuta uliopakwa chokaa upande wa pili wa njia hupokea jua na kuurudisha mwanga kwa upole kwenye baraza lililo mkabala nao.

Hatua ya tatu: Chagua saa

Vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa Ulaya na Marekani, na huzungumzia saa ya dhahabu kana kwamba ni saa nzima. Huko jua huchomoza na kuzama kwa mshazari, kwa hiyo hukaa karibu na upeo wa macho kwa muda mrefu. Kwetu, karibu na ikweta, hupanda takribani wima kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa, na nyuzi sita za mwanzo, ambazo ndizo zenye rangi ya dhahabu, humalizika kwa dakika 25 hivi. Dar es Salaam jua huchomoza karibu na saa 12 kamili asubuhi mwezi Novemba na baada ya saa 12 na nusu mwezi Julai, na tofauti hiyo ndogo ndiyo karibu yote utakayoipata kwa mwaka mzima. Maana yake ni kwamba ukitaka mwanga wa dhahabu, mtu wako awe amekwisha kukaa na kamera iwe imekwisha kupangwa kabla jua halijachomoza.

Baada ya dakika hizo bado una muda mzuri. Tumia kivuli chako mwenyewe kama saa: kikiwa kirefu kuliko kimo chako, jua liko chini ya nyuzi 45 na bado linaweza kuingia machoni mwa mtu; kikiwa kifupi kuliko wewe, jua liko juu mno na inakupasa kuhamia kwenye kivuli kilicho wazi. Kipimo hiki si kigeni kwetu, kwani kwa madhehebu ya Shafii wakati wa alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa utosini. Kwa hiyo adhana ya alasiri inaposikika, fahamu kwamba uwanja wa wazi umeanza kufaa tena. Siku za masika, wingu linapotanda, sahau hesabu hizi zote na utoke, kwa sababu anga zima limekuwa taa moja pana.

Hatua ya nne: Omba ruhusa

Hatua hii ni fupi lakini haiwezi kurukwa. Mimi humwendea mtu kamera ikiwa imening'inia begani, haijashikwa mkononi. Namsalimu, "Shikamoo mzee," nasubiri "Marahaba," tunaulizana habari, ndipo ninapoeleza ninachotaka na picha itakakokwenda. Akikataa, mazungumzo huendelea kama kawaida na picha haipigwi. Kwa mtoto, anayetoa ruhusa ni mzazi au mlezi. Sheria nazo zipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwaka 2023 mamlaka ya Kenya ilitoza faini za mamilioni ya shilingi kwa waliotangaza picha za watu bila idhini yao. Usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari au Ikulu.

Hatua ya tano: Fahamu vidhibiti vitatu

Mwanga unaoifikia sensa, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha, hudhibitiwa kwa tundu la lenzi na kwa kasi ya shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga; cha tatu, ISO, huamua kamera itaukuza mwanga huo kwa kiasi gani. Jambo la kushika ni kwamba vyote vitatu hupanda na kushuka kwa madaraja, na kila daraja moja ni mwanga mara mbili au nusu yake.

Madaraja ya tundu yameandikwa kwa namba zinazokwenda kinyume na inavyotarajiwa: f/1.8 au f/2 ni tundu pana, kisha 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16, kila moja ikipitisha nusu ya mwanga wa iliyotangulia. Shata huhesabiwa kwa sehemu za sekunde: 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, 1/1000. ISO huanzia 100 na kuongezeka maradufu, 200, 400, 800, 1600. Ukifungua tundu kwa daraja moja na kuongeza kasi ya shata kwa daraja moja, picha itabaki na mwanga ule ule lakini sura yake itabadilika, na mabadiliko hayo ya sura ndiyo sababu ya kuwa na vidhibiti vitatu badala ya kimoja.

Tundu huamua kina cha sehemu iliyo kali. Ukimpiga mtu kwa lenzi ya milimita 50 kutoka mita moja na nusu, kwenye kamera yenye sensa ya kati inayopatikana zaidi madukani, f/1.8 hukupa sentimita 6 hivi tu za ukali, kwa hiyo jicho likiwa kali sikio litakuwa limelainika. Kwa f/4 utapata kama sentimita 14, zinazoutosha uso. Anayeanza hupenda f/1.8 kwa sababu nyuma hupotea vizuri. Mimi namshauri aanze na f/4, kisha ashuke kuelekea f/1.8 mkono wake utakapokuwa umetulia.

Shata huamua mwendo. Kwa mtu aliyekaa usishuke chini ya 1/125, kwani mtu hupumua, hupepesa macho na hucheka. Kwa mchezaji wa ngoma anzia 1/500. ISO ni ya mwisho kuguswa: ikipanda, picha hupata chembechembe, hasa kwenye vivuli. Hata hivyo picha yenye chembechembe bado ni picha, ilhali iliyotikisika haina dawa, kwa hiyo ndani ya nyumba usiogope ISO 1600 au 3200.

Kuna namba za kukariri zitakazokuwezesha kupiga hata kipimo cha kamera kikikuchanganya. Kwenye jua kali lisilo na wingu, weka f/16 na kasi ya shata inayolingana na namba ya ISO, yaani ISO 100 kwa 1/100 au 1/125. Kwenye kivuli kilicho wazi mwanga hupungua kwa madaraja matatu hivi: ISO 100, f/5.6, 1/125, au kwa mwanga ule ule ISO 200, f/4, 1/500. Ndani ya chumba chenye dirisha mambo hubadilika sana, lakini ISO 1600, f/2.8, 1/125 ni mahali pa kuanzia.

Hatua ya sita: Uso na kanzu katika fremu moja

Sasa tunafika kwenye kosa lililoniharibia harusi. Kipimo cha kamera hakijui kama kinatazama uso, ukuta au wingu. Kinachofanya ni kukadiria wastani wa mwanga ulio mbele yake na kuusogeza mpaka ufanane na kijivu cha kati, ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa kitu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukiijaza fremu kwa kanzu nyeupe, kamera huiona nyeupe ile kuwa imezidi na kuishusha, na uso ulio juu yake hushuka pamoja nayo. Ukimweka mtu mbele ya anga au bahari inayometa, hutokea hivyo hivyo. Kinyume chake, ukiijaza fremu kwa uso mweusi peke yake, kamera huuona kuwa ni giza na kuupandisha, na ngozi hugeuka rangi ya majivu isiyokuwa ya mtu yule.

Simu nyingi za leo zimefundishwa kuutambua uso, na zipo kampuni zilizolifanyia kazi suala la ngozi nyeusi waziwazi, kama Google ilivyofanya kwenye simu za Pixel 6 mwaka 2021. Jambo hilo lilichelewa mno. Kwa miongo mingi, maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi zetu zikabaki kuwa matokeo ya bahati. Sisemi haya ili kulaumu kifaa chako cha leo, bali ili ujue kwamba uamuzi kuhusu uso unapaswa kuwa mikononi mwako.

Fuata utaratibu huu. Mkalishe mzee wako mwenye kanzu kwenye baraza, lote likiwa kivulini. Weka gurudumu la juu la kamera kwenye A, ambayo Canon huandika Av, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua shata, kisha weka f/4 na ISO 200. Badilisha upimaji wa mwanga uwe wa nukta (spot), ili kamera ipime duara dogo la katikati tu, kisha lielekeze duara hilo kwenye shavu lililo upande wenye mwanga. Tuseme kamera inasoma 1/250. Kwa kuwa imejaribu kulifanya shavu kuwa kijivu cha kati, na ngozi nyeusi kwa kweli iko chini kidogo ya kijivu hicho, punguza theluthi mbili za daraja mpaka daraja moja, yaani 1/400 au 1/500. Sasa hamia M, ambapo kamera haibadilishi chochote yenyewe, weka mwenyewe f/4, ISO 200 na 1/400, na uache hivyo. Hata akigeuka, hata kanzu ikijaza fremu, uso hautabadilika tena, kwa sababu mwanga wenyewe haujabadilika.

Piga picha moja, kisha washa onyo la maeneo yaliyoungua, ambayo hupepesa kwenye kioo cha kamera. Kanzu ikipepesa kwenye mikunjo michache ya bega, hakuna hasara. Ikipepesa kifua kizima, punguza theluthi moja ya daraja na ujaribu tena. Ngozi nyeusi na kanzu nyeupe zikiwa katika kivuli kimoja hutofautiana kwa madaraja matatu hivi, na sensa ya leo hubeba tofauti hiyo bila taabu. Lakini kanzu ikiwa juani na uso ukiwa kwenye kivuli cha kofia, unaongeza madaraja mengine matatu, na ni vigumu mpangilio wa kamera peke yake kuviokoa vyote viwili. Hicho ndicho kilichonitokea: bwana harusi alisimama uani saa 7 mchana, jua likiwa utosini. Ningemsogeza hatua nne mpaka chini ya varanda, yale mengine yote yangewezekana.

Mwenye simu afanye hivi: aguse shavu, ashikilie mpaka kipimo kifunge, kisha ashushe mwanga kidogo mpaka ngozi ifanane na anayoiona kwa macho yake. Asiangalie kanzu kwanza. Aangalie uso, halafu kanzu.

Hatua ya saba: Mahali pa kukaa, macho na fremu

Muelekeze mtu upande ulio wazi, si ukutani. Kisha tazama mboni zake: lazima uone nukta ya mwanga ndani ya kila jicho. Isipokuwapo, uso utaonekana umelala hata kama anacheka, na dawa yake ni kumwomba ainue kidevu kidogo, avue kofia yenye ukingo, au asogee karibu zaidi na mwanga. Ngozi nyeusi ina uzuri mmoja ambao wanaoanza huuharibu kwa kuogopa kivuli: hung'aa. Mwanga mpana unaotoka pembeni huacha mng'ao laini kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu na kwenye mstari wa taya, na mng'ao huo ndio unaolipa umbo uzito wake. Kwa hiyo mgeuze mtu mpaka upande mmoja uwe na mwanga zaidi ya mwingine, kisha, upande wenye kivuli ukizama mno, mwombe mtu ashike shuka jeupe au kipande cha boksi kilichobandikwa karatasi nyeupe umbali wa mita moja. Utaona kivuli kikifunguka mbele ya macho yako.

Simama mita moja na nusu hadi mbili. Ukisogea karibu zaidi kwa lenzi pana ya simu, pua itakua na masikio yatarudi nyuma. Ni afadhali ubonyeze 2x na urudi nyuma hatua mbili. Weka nukta ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, usikubali kamera ichague yenyewe. Shusha kamera mpaka usawa wa macho yake, hata kama itakubidi kuchuchumaa, kwa sababu mzee anayepigwa kutoka juu huonekana mnyonge.

Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kingo nne za fremu. Nguzo inayoota kichwani, ndoo ya bluu kwenye kona, mkono uliokatwa kwenye kifundo: vyote hivi huonekana kirahisi ukivitafuta, na havionekani kabisa ukitazama uso peke yake. Kuhusu ile kanuni ya kuigawa fremu mara tatu, itumie kama pa kuanzia, lakini mtu aliyekaa katikati ya mlango wa Kizanzibari wenye nakshi anastahili kubaki katikati.

Hatua ya nane: Rangi

Rangi ya mwanga huchukua rangi ya kilichokuzunguka. Chini ya turubai la bluu la gengeni kila uso hutoka bluu, karibu na ukuta wa kijani shavu moja hutoka kijani, na ni kazi ngumu kulisafisha shavu moja kwa programu bila kuharibu la pili. Mtoe mtu hapo. Kwenye kivuli cha kawaida, weka mizani ya rangi (white balance) kwenye alama ya kivuli, yenye mchoro wa nyumba, ili ubaridi wa anga upungue na wekundu wa ngozi urudi. Kamera yako ikiruhusu, hifadhi picha kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, kwani faili hilo litakuwezesha kurekebisha mizani hiyo baadaye bila hasara. Unapohariri, usimng'arishe mtu ngozi, hakukuomba uibadilishe.

Hatua ya tisa: Rudia, kisha chapisha

Kwa wiki nne mfululizo mpige mtu yule yule, mahali pale pale, mara tatu kwa siku moja ya kila wiki: nusu saa baada ya jua kuchomoza, saa 6 mchana kwenye kivuli kilicho wazi, na baada ya alasiri. Andika kwenye daftari tundu, shata, ISO na upande alioutazama. Usibadilishe lenzi. Kila siku ya zoezi hamishia picha mahali pawili, kwa mfano kompyuta na diski ya nje, na usiifute memori kadi kabla nakala zote mbili hazijafunguka na kuonekana.

Mwisho wa mwezi chagua picha moja na uipeleke studio ichapishwe kwa sentimita 10 kwa 15. Ukubwa huo unahitaji pikseli 1200 kwa 1800 tu ili utoke mkali, kiasi ambacho hata simu ya zamani hukifikia. Irudishe kwa mzee pale pale barazani, saa ile ile uliyoipiga, na kabla hujamwachia ishike karibu na shavu lake ndani ya kivuli kile kile. Ngozi ya kwenye karatasi ikiwa imepauka kuliko ngozi iliyo kando yake, fungua daftari utafute siku ile ulikuwa umepunguza daraja kiasi gani, na mara nyingine upunguze theluthi moja zaidi.